Pumzi ya Fundi Maolin

Baiyagou, 9 Novemba 2013

Mdogo wangu Jingye,

Natumaini kifua hakikusumbui, maana mwanangu Zhen anasema moshi wa Beijing mwaka huu umetajwa hata kwenye taarifa ya habari. Sisi huku tupo. Kunazi tulizivuna zote, ila mvua ya Septemba ilizipasua nyingi na wanunuzi wanataka zile nzima tu. Zhen na mkewe wamehamia mjini wilayani kwa ajili ya shule ya mtoto. Yeye huja Jumamosi, ananikatia kuni, anajaza pipa la maji, anarudi. Mimi nimebaki na kuku na mbwa. Mbwa bado analala mlangoni pa karakana ya Maolin.

Mashada ya maua uliyotuma yalifika asubuhi ya mazishi, kwa lori. Tuliyapanga kutoka getini mpaka kisimani, na watu wa vijiji vya jirani wakaja kuyatazama. Mbuzi wa jirani walikula mawili. Nakushukuru sana. Waliouliza mbona wewe hukuja, niliwajibu kwamba kazi ya filamu haikatizwi katikati kama kazi ya shamba. Walielewa.

Siku zake za saba saba za matanga zimekwisha zote, na kila ya saba tulimchomea karatasi za pesa za wafu. Sasa nyumba imetulia, ndiyo maana nimeweza kukaa chini nikuandikie.

Nina jambo moja la kukuomba. Picha ya Maolin iliyo mezani, ile tunayoifukizia ubani, ni ya kitambulisho. Zhen aliikuza mjini. Amekaza taya kama mtu anayesubiri kung'olewa jino, na mjukuu wetu anaiogopa. Nyingine ziko mbili tatu, zote amesimama wima kama nguzo. Zhen ana simu ya kuchukua picha zinazotembea, lakini baba yake kila alipoona simu imenyanyuliwa alitoka chumbani. Kwa hiyo mume wangu sina popote akitembea, wala akigeuka, wala akicheka.

Ila wewe unaye. Nakukumbusha siku yenyewe, kwa mpangilio wangu mimi, ili usije ukadhani nasema habari ya mtu mwingine. Ni majira ya baridi ulipokuja huku kutengeneza *Mlango wa Kaskazini*, filamu yako ya kwanza. Ulitaka jeneza la kweli, na kijijini lililokuwa tayari lilikuwa moja tu, la mama mkwe wangu, ambalo Maolin alimtengenezea mapema kama mwana anavyopaswa. Mama mkwe akaenda akakaa juu ya kifuniko chake. Akasema, "Hili ni langu. Mwanangu kalipaka rangi mara tatu. Mgeni halilalii."

Wewe ukamwambia, "Mama, ni muda mfupi tu, na mwigizaji wetu ni mtu msafi."

"Hata mkimwogesha kwa maziwa. Akilala mgeni humu, mimi nitalala wapi? Mapajani kwako?"

Watu wote walicheka isipokuwa wewe. Mwishowe akakubali kwa masharti. Atakayelala awe mwanawe mwenyewe. Apewe bahasha nyekundu. Mkewe asimtazame, sasa wala baadaye, kwa sababu mke akimwona mumewe mzima amelazwa namna ile anauita ujane. Na akishanyanyuka, mashine ya picha imchukue akicheka, isije ikabaki naye akiwa maiti.

Mimi nilikuwa jikoni, mlango umefungwa. Wakati huo nilikuwa bado nasikia. Nilisikia mashine ikinguruma kama cherehani, kisha kimya, kisha mashine tena, na Maolin akicheka. Alisema, "Mama, mle ndani baridi, lakini mbao ni nzuri, utalala vizuri!" Na mashine ilikuwa bado inanguruma.

Filamu yenyewe sikuwahi kuiona. Niliheshimu neno la mama mkwe. Ila kicheko hakimo katika katazo. Hicho kipande ndicho ninachokuomba. Sauti sitaisikia, masikio yangu unayajua, ndiyo sababu nakuandikia badala ya kukupigia. Nataka kumwona tu.

Kula vizuri.

Dada yako,
Guilian

*

Beijing, 20 Desemba 2013

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ilikaa ofisini wiki kadhaa, mimi nilikuwa kusini tukimalizia matukio ya vita, mvua kila siku na farasi wanaumwa. Afya yangu si mbaya. Daktari amenikataza chumvi na sigara, na chumvi nimeshaiacha. Binti yangu bado yuko Kanada na mama yake. Alinipigia kunitakia heri ya siku ya kuzaliwa, siku mbili mapema.

Nafurahi kusikia Zhen anakuja kila Jumamosi. Pesa kidogo nimempelekea yeye kwa ajili ya makaa.

Huku wananiandalia sherehe ya kazi zangu, mwezi wa Juni. Wataonyesha filamu zote, kuanzia *Mlango wa Kaskazini* mpaka hizi za mapanga ambazo watu wanazipenda na wahakiki wananichukia kwazo. Wameshachapa mabango yenye uso wangu. Waandishi wa habari wanakuja wakiwa na swali lilelile: kwa nini niliacha kutengeneza filamu kama ile ya kwanza? Nawajibu kwamba ile niliitengeneza vile kwa sababu sikuwa na hela ya kuitengeneza vingine. Wanaandika kwamba mimi ni mnyenyekevu.

Jambo litakalokufurahisha ni hili. Ghala la filamu la huku linaisafisha ile ya kwanza kwa kompyuta, picha moja baada ya nyingine. Mikwaruzo inaondoka, vumbi linaondoka, na ile pumzi nayo itaondoka. Najua hukuiona, lakini habari zake unazijua. Kamera inapowapita waombolezaji na kumfikia shemeji ndani ya jeneza, mvuke unamtoka puani mara mbili. Ilikuwa baridi kali. Siku ile hakuna aliyeuona. Tuliuona baadaye, studio, theluji ilikuwa imeyeyuka na mkanda umekwisha, ikabidi tuuache. Tulipopewa tuzo kule Ulaya, bwana mmoja mwenye miwani alisimama akasema mvuke ule ni roho inayoaga mwili. Mkalimani akaniuliza ajibu nini. Nikamwambia, ni kosa. Akatafsiri kitu kingine kirefu, wakapiga makofi. Katika kazi zangu zote ni picha ile moja ambayo sijawahi kuitazama bila kufumba macho.

Nimewaagiza mafundi waanze na hiyo. Shemeji aliionea aibu maisha yake yote, na mimi nililijua hilo. Sasa hakuna atakayemcheka tena.

Kicheko nitakitafuta. Mabaki ya mikanda ya wakati ule mengi yamepotea, lakini nitamuuliza Qu, mpiga picha wetu wa siku zile. Yuko hai, anaishi Xi'an. Usiwe na wasiwasi.

Mdogo wako,
Jingye

*

Baiyagou, 12 Januari 2014

Mdogo wangu Jingye,

Nimefurahi kwamba chumvi umeiacha. Na ya pili uiache.

Pamoja na barua hii utapata kifurushi cha kunazi, zile nzima, nimezichagua moja moja. Zioshe kwanza, mbwa alizilalia. Mwaka mpya huu hatubandiki karatasi nyekundu mlangoni, kwa ajili ya msiba. Mlango unaonekana kama mtu aliyevua kofia. Nitapika tambi kidogo na kumwekea Maolin bakuli mezani, zenye siki nyingi.

Zhen alipokuja nilimsomea barua yako. Alicheka pale pa yule bwana wa miwani. Akaniandikia kwamba Mjomba ni mtu wa ajabu, anapewa tuzo na bado analalamika. Nikamwambia hukuanza leo. Ulipokuwa mdogo ulitoboa karatasi mpya ya dirisha kwa sindano yangu, na ule mkunazi wa uani ukaingia ndani pamoja na mwanga, ukasimama ukutani kichwa chini miguu juu. Uliniita nikautazame. Mimi niliuona ni wa ajabu sana, lakini wewe ulinuna kwa sababu tawi moja halikuonekana vizuri. Ukatoboa tena. Baba alikuchapa kwa matundu mawili.

Kuhusu ile pumzi ni kweli, Maolin haikumfurahisha. Walipoileta filamu kuionyesha kwenye uwanja wa kupuria, mimi nilibaki nyumbani na mtoto, lakini kelele zilinifikia. Vijana walikuwa wanapiga mayowe, "Fundi, pumua polepole, watu wanakulilia!" Tangu hapo watu wakimkuta njiani walikuwa wanamsalimu, "Fundi, bado unapumua?" Naye anajibu, "Kidogo." Alikuwa anacheka nao. Lakini hakuenda tena kwenye filamu yoyote, na tuliponunua televisheni alitazama utabiri wa hali ya hewa, kisha anakwenda kulala.

Kwa hiyo umefanya vizuri kuiondoa, kama wewe unaona ni vizuri.

Nangoja habari za Mzee Qu. Mpe salamu zangu. Alikuwa anapenda mayai yangu ya chumvi, alikula saba siku moja.

Dada yako,
Guilian

*

Beijing, 6 Februari 2014

Dada,

Heri ya mwaka mpya kwako, kwa Zhen na kwa mkwe wetu. Kunazi zimefika, tamu sana, ofisi nzima wamekula. Ninaandika haraka, gari linanisubiri chini. Habari za Qu bado. Tunaendelea kutafuta.

Jilinde na baridi.

Jingye

*

Baiyagou, 2 Machi 2014

Mdogo wangu Jingye,

Natumaini u mzima. Huku theluji imeanza kuondoka upande wa jua. Kuku wameanza kutaga.

Zhen alizungumza na binti wa Mzee Qu kwa simu, namba aliipata studio. Hakumuuliza jambo lolote, alimsalimia tu. Yule binti akamwambia, "Mjomba wako alikuwa hapa kwetu Januari. Walikaa na baba mchana kutwa."

Tulipokuwa watoto nilikuwa nikikuuliza kama umewapa kondoo maji, na wewe ukijibu "bado", nilijua ndoo imevunjika. Sitakukasirikia. Niambie tu.

Guilian

*

Beijing, 25 Machi 2014

Dada,

Shikamoo. Nilikwenda kwa Qu, kama ulivyosikia. Amezeeka, anafuga ndege, ana vizimba kwenye ukumbi mzima na unapaswa kupiga kelele ili usikike. Alikukumbuka wewe na mayai yako kabla sijamaliza kukaa.

Nikamuuliza habari za kicheko. Alicheka mpaka akakohoa, binti yake akaja na maji.

"Jingye, studio ilitupa mkanda kiasi gani? Nilikuwa naupima kama mwanamke anayepima mafuta ya kupikia mwisho wa mwezi. Niutumie kwa kicheko cha fundi seremala?"

Nikamwambia, "Lakini mashine ilinguruma. Dada yangu aliisikia akiwa jikoni."

"Ilinguruma tupu! Yule bibi alikuwa amesimama nyuma yangu na fimbo. Ningefanyaje? Nikabonyeza, ikazunguka bila kitu ndani, fundi akacheka, bibi akaridhika, wote tukaenda kula. Mtu mzuri sana yule fundi. Hajambo?"

Sikumjibu vizuri. Nilimwambia hajambo.

Mimi sikulijua hilo mpaka siku hiyo. Wakati ule nilishawapa mgongo, nilikuwa napanga tukio lingine kabla jua halijazama. Kwa hiyo kicheko hakipo, Dada. Hakikupotea wala hakikutupwa. Hakikuwahi kuwepo popote ila pale uani.

Nilianza kukuandikia mara kadhaa. Nisingependa uendelee kungoja kitu ambacho hakipo.

Kesho nasafiri kwenda Ulaya, nimealikwa kuwa mwamuzi kwenye tamasha, na baada ya hapo kuna mihadhara. Nitarudi mwishoni mwa Mei.

Jingye

*

Baiyagou, 8 Aprili 2014

Mdogo wangu Jingye,

Natumaini safari yako ni njema na kwamba chakula cha huko unakiweza. Huku mikunazi imeanza kuchipua. Mkwe wangu anaumwa mgongo, si sana. Jumamosi ilikuwa siku ya kufagia makaburi. Tulikwenda mimi na Zhen, tukang'oa majani, tukampelekea Maolin pombe na sigara tatu. Zhen aliziwasha zote kwa mpigo, akaziweka kwenye udongo, zikaungua mpaka mwisho bila kuzimika. Kaburi la mama yake liko hapo pembeni, nalo nililifagia. Nilimwambia habari ya mashine tupu. Nadhani angetafuta fimbo yake.

Asante kwa kuniambia. Niliikunja barua yako nikakaa nayo siku chache. Kisha nikaenda karakana kufagia, maana panya wameingia. Randa yake bado iko mezani, na ndani yake kuna unyoya mmoja wa mbao, ule wa mwisho, umejikunja. Sikuutoa.

Jingye, ile pumzi wameshaifuta?

Nimefikiri hivi. Sina kicheko, na sitakipata. Lakini umesema mwenyewe kwamba mvuke ulimtoka mara mbili. Kama ulimtoka, basi kuna mahali Maolin anapumua, na mahali hapo wewe unapajua. Mimi nimelala kando ya pumzi hiyo tangu nilipoolewa. Baada ya masikio kuharibika nilikuwa naweka mkono mgongoni mwake ili nijue kama amelala.

Kuna neno lake sikukuambia mpaka leo. Kule hospitali ya wilaya, siku za mwisho, alikuwa akiandika kwenye karatasi kwa ajili yangu, kwa sababu mimi sisikii na yeye hana nguvu ya kupaza sauti. Siku moja tulipojua kwamba hatarudi nyumbani, aliandika: "Mwambie Jingye safari hii nitatulia." Kisha akacheka kidogo. Nilikungoja uje nikuambie uso kwa uso.

Kama hawajaifuta, waambie waiache. Kama wameshaifuta, basi, kazi ni kazi.

Dada yako,
Guilian

*

Beijing, 22 Juni 2014

Dada,

Shikamoo. Barua yako ya Aprili niliikuta ofisini niliporudi, chini ya rundo la mialiko. Niliisoma nimesimama. Hujambo wewe? Mkwe wetu, mgongo umepoa?

Walikuwa wameshaifuta. Waliimaliza mwezi wa Machi.

Nilikwenda ghalani siku hiyohiyo nikawaomba wanionyeshe. Kuna binti pale, fundi wa kompyuta, anaitwa Meng, mwepesi sana wa mikono na wa maneno. Alizima taa, akaiweka. Kamera ikawapita waombolezaji, mbuzi akavuka ua, ikamfikia shemeji. Kazi ilikuwa safi. Hakuna kilichosogea. Picha ikakaa juu yake muda wote ule mrefu ambao nilikuwa naringia nilipokuwa kijana, na hakuna kilichosogea.

Meng akaniuliza, "Mwalimu, iko sawa?"

Nikasema iko sawa.

Baada ya kitambo akaniuliza, "Mwalimu, nikuletee maji?"

Septemba nilikuwa na tiketi ya kuja mazishini mfukoni, Dada. Tuyaache hayo. Nilidhani nikikaa mbali sitamwona amelala vile. Sasa nimemwona.

Nikamwambia Meng arudishe.

"Turudishe nini?"

"Pumzi."

"Mwalimu, unanitania! Tumeifuta picha kwa picha, macho yangu yalivimba. Wewe mwenyewe uliandika kwa kalamu nyekundu, 'Hili kwanza'."

"Najua."

"Mkuu wa ghala tutamwambia nini?"

"Mwambieni mwongozaji amezeeka, hajui anachokitaka."

"Hilo ataliamini," akasema, akawasha taa.

Waliirudisha. Mkanda wa asili ulikuwa haujaguswa, kwa hiyo haikuwa vigumu, ila Meng hakuzungumza na mimi wiki nzima.

Wiki iliyopita ndipo walipoionyesha, ukumbi mkubwa, watu wamesimama mpaka ngazini. Baada ya filamu kijana mmoja akauliza: inakuwaje nakala safi kama hii ina kosa dogo kama lile la jenezani, au ni roho inayoaga kama vitabu vinavyosema? Nilichukua kipaza sauti nikamjibu, "Yule ni shemeji yangu. Alikuwa anapumua." Akangoja niendelee. Nikakirudisha. Kesho yake gazeti moja liliandika kwamba jibu langu lina falsafa.

Nimekutumia diski pamoja na barua hii. Zhen atajua kuiendesha. Utampata karibu na mwisho, baada ya mbuzi. Usitafute zaidi ya hapo, ni mara mbili tu, kisha picha inakatika.

Mwezi wa Septemba, mwaka wake utakapotimia, nitakuja. Nimeshawaambia ofisini wasinipangie kitu.

Jingye

*

Baiyagou, 13 Julai 2014

Mdogo wangu Jingye,

Natumaini joto la Beijing halikuchoshi. Huku mvua zimechelewa, lakini mtama mdogo umeshika vizuri. Mkwe wetu amepona. Kuku mmoja ameliwa na kicheche. Ukija Septemba uje na koti, asubuhi kuna ubaridi. Nitakulaza kwenye chumba cha mbele, kile kitanda cha udongo nitakiwashia moto chini.

Diski ilifika Ijumaa, Zhen alikuja Jumamosi na kompyuta yake. Tuliiweka juu ya meza ya Maolin ya kulia chakula, tukafunga pazia. Katazo la mama mkwe nililifikiria kidogo. Nikaona halina kazi tena, kwa sababu lile alilokuwa akinikinga nalo limeshanipata.

Ni filamu nzuri, ingawa watu wako wanasimama kimya muda mrefu kuliko watu wa kweli. Niliuona ua wetu ulivyokuwa kabla hatujajenga choo. Nilimwona yule mbuzi, alikuwa wa kwetu, sikuwa nimemkumbuka kabisa. Mlango wa jikoni niliuona umefungwa, na mimi nilikuwa nyuma yake.

Kisha akaja. Alikuwa kijana sana, Jingye. Nywele zake zilikuwa zimejaa vumbi la mbao, hawakuzipangusa vizuri, na sikio la kushoto limekunjwa na mto kama lilivyokuwa likikunjwa kila siku. Amefumba macho kwa nguvu, kama mtoto anayejifanya amelala. Mvuke ukamtoka puani, mwembamba, ukapanda mpaka kwenye ukingo wa jeneza, ukapotea. Nikadhani ndiyo basi. Ukatoka tena, wa pili mfupi zaidi, nadhani hapo ndipo alipojaribu kuuzuia.

Zhen aliniandikia kwenye karatasi: "Mama, nisimamishe picha hapo, umwone vizuri?" Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitufe.

Nikaushika ule mkono, nikaufunika kwa wangu. Akiisimamisha, na pumzi ya baba yake inasimama. Nilimwambia airudishe nyuma tangu kwenye mbuzi, na aiache iende.

Dada yako,
Guilian